Istikhara za Muntazir

Mtu akikuambia kwamba watafiti ni watu wa uhakika, mlete kwangu nimwoneshe Muntazir Mohamedjaffer akiagiza chai. Kantini ya kituo chetu pale Mikocheni ina chai ya rangi na chai ya maziwa, basi, hakuna ya tatu. Huyu bwana atasimama mbele ya mama wa kantini aulize maziwa ni ya leo au ya jana, tangawizi imetiwa au haijatiwa, na watu wengi leo wamekunywa ipi. Sie tuko nyuma yake tuna njaa. Mwisho wa yote anachukua maji, anashukuru, anakwenda zake.

Mie naitwa Tupokigwe, kwetu Tukuyu. Dar nilikuja kufundisha shule ya msingi, nikahamia kwenye utafiti kwa sababu nilichoka kupiga kelele darasani, na sasa kelele hizo nazipiga mitaani. Nawasimamia wadadisi, wale vijana wanaopita nyumba kwa nyumba na vishkwambi kuuliza habari za malaria: mnalala kwenye chandarua, nani alipata homa, tunaomba kidole tupime. Kazi ya Muntazir inaanzia pale yangu inapoishia. Majibu yakishafika ofisini, yeye ndiye anayeyasafisha kabla wakubwa hawajayaandikia makala.

Na kwenye kusafisha, jamani, tumpe haki yake. Mdadisi ameandika mtoto wa chekechea ana miaka mia na nne, Muntazir anamkamata. Mdadisi mwingine ameketi kwenye kibanda cha chipsi akajaza kaya nzima nzima bila kugonga mlango wa mtu, Muntazir anamjua kwa kuangalia saa zilizoandikwa tu. Halafu anakuja mezani kwangu, mikono nyuma, sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Da Tupo, samahani, kuna jambo dogo." Halijawahi kuwa dogo hata siku moja, na kuna kijana wangu mmoja mpaka leo akiona jina lake kwenye simu anatoka jasho.

Maprofesa wa nje wanaandika barua pepe kumwomba yeye kwa jina. Makala zilizotoka na jina lake ni nyingi kuliko mashati aliyonayo, ila jina hilo siku zote liko katikati, kule ambako macho ya msomaji hupita bila kusimama. Amekaa katikati hapo miaka na miaka, akapazoea. Siku moja aliniambia kwamba Muntazir maana yake ni mwenye kungoja. Sikucheka. Nilitaka, lakini namheshimu.

Sasa, mkuu wetu wa idara ni Daktari Kokushubila, mwanamke wa Bukoba, anaongea polepole na hapotezi neno. Siku hiyo nilikuwa ofisini kwake kufuata saini, akaingia Muntazir aliyekuwa ameitwa. Nikataka kutoka, Daktari akaniambia nikae, hakuna siri. Akamwambia Muntazir kwamba kuna nafasi ya PhD Ubelgiji, imelipiwa kila kitu, na profesa wa kule anaijua kazi yake na anamtaka. Kilichobaki ni ukurasa mmoja tu. Aandike swali lake mwenyewe, ambalo yeye anataka kulitafiti, autume kabla mwezi haujaisha.

"Umri wako umefika ukingoni mwa masharti yao," Daktari akasema. "Mwakani hawatakupokea. Na mimi sipendi nikuache kwenye meza ile ile ukisafisha majibu ya maswali ya wenzako mpaka unastaafu."

Muntazir akafikiri, kisha akauliza kama nafasi kati ya mistari iwe moja au moja na nusu.

Nilimfuata kwenye korido. Nikamwambia, braza, hongera, kaa uandike. Akaniuliza, "Niandike nini?" Mwanzoni nilidhani ni ule unyenyekevu wake wa kila siku. Nikamtazama vizuri nikaona hapana, mtu huyu anauliza kweli. Mpe swali la mtu mwingine, atakuonesha limelegea wapi na litarekebishwa vipi. Mwambie aulize la kwake, anakuwa kama mtu aliyenyang'anywa miwani sokoni. Aliogopa, na baadaye alinieleza mwenyewe hofu yake: akiuliza jambo la kijinga, hakuna Muntazir mwingine wa kumsafishia.

Hapo ndipo zilipoingia istikhara. Mie ni Mkristo, Mmoravian, ilibidi nielezwe, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Wenzetu wa familia za Kishia Ithnaasheri, kama kina Muntazir, mtu akikwama kwenye uamuzi humwomba Mungu amwoneshe lenye kheri, kwa msahafu au kwa tasbihi, na mara nyingi humwachia mtu anayeaminiwa amfanyie. Jibu linakuja kuwa nzuri, mbaya, au wastani. Kwenye ukoo wao mtu huyo ni shangazi yake Muntazir, Bi Narjis, mjane anayekaa ghorofani Kinondoni. Anapigiwa simu kutoka Arusha mpaka Toronto. Ndoa, operesheni, kuuza gari, kuhama nyumba, yote yamepita kwenye tasbihi yake. Wala haulizi mengi. Unamwambia nia, anasoma dua, anashika shanga, anahesabu, anakupa jibu lako.

Muntazir akaunda swali la kwanza, la mvua na mazalia ya mbu, akampigia. Mbaya. Akaunda la pili, la bei ya dawa ya kupulizia. Wastani. Mtu mwingine angeishia hapo akakuna kichwa. Yeye alirudi kwenye lile la mvua, akageuza maneno kidogo, akalipeleka kwa maulana wa msikitini kwao. Nzuri. Akalipeleka kwa binamu yake Sidra, ambaye ana namba ya sheikh mmoja anayejibu kwa WhatsApp. Wastani. Akarudi tena kwa shangazi yake, safari hii akasema anamuulizia rafiki. Nzuri.

Nilimkuta asubuhi moja mezani kwake, macho mekundu, ukurasa uko wazi kwenye kompyuta na hauna hata herufi.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Nzuri zimezidi kidogo, da Tupo," akasema. "Ila sampuli bado ndogo."

Nilicheka mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Yeye hakucheka. Alikuwa anataka ushauri wangu, kwa dhati kabisa, kama zile wastani azijumlishe na nzuri au azitoe. Nikamwambia azikaange ale. Nilijua nimemkosea, lakini mwezi ulikuwa unayoyoma na mie hasira zangu ziko karibu.

Mie na Bi Narjis tunajuana kwa sababu ya mchele. Dada yangu ananitumia mchele wa Kyela, na Bi Narjis hakubali kwamba kuna biriani bila mchele huo. Kwa hiyo kila mzigo ukifika nampelekea kiroba, na siruhusiwi kushuka ngazi kabla sijala. Jumapili hiyo nilifika nikamkuta Muntazir amekwisha keti, anachezea kijiko. Bi Narjis akapakua, akanisogezea kachumbari, akamgeukia mpwa wake.

"Yule rafiki yako aliamua nini?"

"Rafiki yupi?" akauliza Muntazir.

Mnisamehe, lakini hapa lazima nisimame kidogo. Huyu ndiye mtu anayewanasa wadadisi wangu wote. Uongo wa mtu mwingine anaunusa akiwa Mikocheni na mtu mwenyewe yuko Mbagala. Uongo wake mwenyewe, mmoja, wa juzi tu, ulimtoka kichwani. Alipoikumbuka ile hadithi ya rafiki, kijiko kilikuwa kimekwisha simama hewani na Bi Narjis alikuwa amekwisha weka chini upawa.

Akaulizwa, akasema yote. Maulana, sheikh wa Sidra, ile ya rafiki, maneno yaliyogeuzwa. Mie nilikuwa nashughulika na mfupa wangu.

"Kwa hiyo ulikuwa unakusanya," akasema Bi Narjis.

"Nilitaka uhakika, shangazi."

"Mwenyezi Mungu umemfanya mhojiwa," akasema. "Jibu lake halikukupendeza, ukamrudia na dodoso jingine."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Nimekaa kwenye semina nyingi za mbinu za utafiti, za siku nzima, zenye chakula cha mchana na posho, na sijasikia kosa la mtu likielezwa vizuri namna ile.

"Istikhara ni ya mtu mwenye shaka," akaendelea. "Amefikiri, amewauliza wanaojua, njia mbili bado ziko sawasawa machoni mwake, ndiyo anaomba. Wewe hujafikiri. Wewe umeogopa tu, ukaniletea hofu yako niihesabie shanga. Sikufanyii tena. Maulana nitampigia mwenyewe, na Sidra nitamweleza."

"Sasa nitafanyaje?" akauliza Muntazir. Ndevu zina mvi mbili tatu, lakini sauti ilikuwa ya mtoto aliyenyimwa ufunguo.

"Kazi yenu si kuuliza watu? Mungu umemuuliza kutwa. Watu je? Umewahi kumuuliza mtu hata mmoja, uso kwa uso?"

Bi Narjis akanigeukia mie. "Tupo, ni kweli hajawahi kwenda na ninyi huko mitaani?"

"Hajawahi, Bi Narjis. Anaogopa mbwa."

"Mchukue," akasema, akaniongezea biriani, maana kwake hilo lilikuwa limekwisha.

Wiki hiyo timu yangu ilikuwa Temeke, mitaa ya nyuma ya Tandika. Muntazir akatokea na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, kofia pana, chupa za maji za kutosha msafara, na amejipaka dawa ya mbu jua la asubuhi likiwaka. Mjumbe wetu, Bi Mwanakombo, ndiye hutangulia ili watu watufungulie milango. Alimtazama juu mpaka chini, akaninong'oneza kama huyu ndiye mfadhili, ili amtafutie kiti.

Kaya ya kwanza nikamwachia aiendeshe. Mama mwenye nyumba alikuwa anakaanga maandazi uani. Muntazir akamwamkia shikamoo, ingawa mama yule ni mdogo kwake, akashika kishkwambi kwa mikono miwili akasoma kama kilivyoandikwa: "Katika kipindi cha majuma mawili yaliyopita, je, kuna mwanakaya yeyote aliyepatwa na homa?"

"Kaa kwanza," mama akamwambia.

Akakaa. Mama akamuuliza kwao ni wapi. Akamuuliza kama ameoa, na kwa nini hajaoa, na mama yake mzazi anasemaje juu ya hilo, na kama tatizo ni mahari au ni yeye. Muntazir alijibu kila kitu, bila kuruka, kama anavyopenda madodoso yajibiwe. Akapewa andazi. Tulitoka pale na taarifa kamili za kaya moja, ambayo ni ya kwao Muntazir.

Nilimtania njia nzima na yeye akavumilia. Lakini nyumba ya pili aliketi kabla hajaambiwa. Ya baada yake alikilaza kishkwambi mapajani, akauliza hali ya mtoto aliyekuwa mgongoni mwa bibi yake, na lile la homa likaja lenyewe katikati ya mazungumzo, pamoja na mengine ambayo dodoso letu halijawahi kuyafikia. Vyeti vya semina anavyo, vimejaa droo. Ujuzi huu niliuona ukimwingia pale pale mbele ya macho yangu, kwenye vumbi, na nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kama ni mwanangu anayeanza kusoma.

Jua lilipopanda tukafika nyumba moja, mlango wa chumba cha mbele umerudishiwa. Mwanamke anayefua barazani akatuwekea kidole mdomoni: baba amelala, msigonge. Kijana wangu mmoja tuliyefuatana naye hana hili wala lile, akabonyeza 'hayupo' na kuanza kuelekea kwa jirani. Ndivyo tunavyofanya. Mtu asipopatikana, na tukirudi tena asipatikane, tunachukua jirani yake tunaendelea.

"Subiri," akasema Muntazir. "Yupo au hayupo?"

"Yupo, ila ndiyo hivyo, amelala," nikamjibu. "Huyu ni Mzee Marijani. Analinda maghala usiku, mchana ndiyo usingizi wake. Kila tukija tunamkuta hivi."

"Kila mkija?"

"Na wako wengi. Walinzi, wakaanga samaki, madereva wa malori, wanaouza uji alfajiri. Twende, jua hili litatuua. Huko ofisini si mnajua cha kufanya nao?"

"Nawafuta," akasema.

Nilidhani sikusikia. Akanieleza, taratibu, bila kunitazama, kwamba safu zote zenye 'hayupo' ndizo za kwanza kuondolewa kabla hajaanza kazi yoyote. Amri ya kompyuta inayowaondoa aliitunga mwenyewe, na iliwahi kusifiwa kwa kuwa ni fupi. Kisha akasimama tu pale juani na viatu vyake vya ngozi, mjumbe ameshatangulia, mwanamke anaendelea kufua.

"Da Tupo," akasema, "mbu hawa wanauma saa ngapi?"

"Usiku."

"Na hawa ninaowafuta, usiku wanakuwa wapi?"

Wanakuwa nje. Miaka yote hiyo tumewapima kidole watu wanaolala ndani ya chandarua, tukaandika hali ya malaria Temeke, na wanaoumwa na mbu usiku kucha tukawaandika hawapo. Na mie ndiye niliyewafundisha wale vijana kubonyeza.

Hakutaka kuondoka mtaa ule. Ikabidi turudi alasiri, Mzee Marijani ameamka, amevaa sare yake, anakunywa chai kabla ya kwenda lindoni. Tukamwamkia, tukaketi kwenye mkeka.

"Nyie ndio wa malaria," akasema. "Mke wangu huniambia mnapitaga. Mkinikosa mnaniandikaga nini?"

Ningekuwa mie ningesema tunaandika utatafutwa tena. Muntazir akamwambia, "Tunaandika kwamba hupo, mzee wangu."

Mzee akacheka sana. Akamshika Muntazir mkono na hakuuachia. "Nipo," akasema. "Mie nipo, bwana. Nalala tu." Halafu akaanza kusimulia homa zake, na za mlinzi mwenzake aliyefia kazini wakidhani amesinzia, na jinsi wanavyochoma trei za mayai getini kufukuza mbu. Alisimulia mpaka chai ikapoa. Muntazir alimsikiliza bila kugusa kishkwambi. Majibu niliyajaza mie.

Ukurasa aliuandika kwa mkao mmoja. Swali lilikuwa fupi: watu tunaoshindwa kuwapata ni akina nani, na malaria yao ikihesabiwa, Dar es Salaam tunayoijua itabaki ile ile? Daktari Kokushubila alilisoma amesimama. Akasema, "Hili ni swali." Kwa asiyemjua Daktari, hiyo ni sherehe na keki. Tukautuma ukurasa mwezi haujaisha.

Kumbe shangazi mtu naye alikuwa ameshaanza kazi yake. Bi Narjis aliwatangazia kina mama wote kwenye majilisi, ule mkusanyiko wao wa dini, kwamba Muntazir anakwenda Ulaya kusomea udaktari. Akaenda mwenyewe mitumbani akanunua koti la sufu, jeusi, zito, linafika magotini, akalitundika sebuleni chini ya feni ambapo kila mgeni lazima aulize. Alikuwa na furaha mpaka akaanza kunisifia mchele wa kiroba kilichopita, ambao wakati ule aliulalamikia.

Jibu likaja. Profesa wa Ubelgiji alimsifu sana Muntazir, nafasi ni yake, aanze maandalizi ya viza. Kuhusu lile swali, ni zuri, ila mradi tayari una swali lake, la kutabiri mbu kwa picha za setilaiti, na yeye atalifanya hilo. La walinzi litapata nafasi yake baadaye. Walitaka kauli yake ndani ya wiki.

Mie niliwaka. Nilimwambia nenda, usifanye ujinga. Mzee Marijani hahami, swali lako litakuwa hapa hapa Tandika likikungoja, nenda kachukue PhD urudi na jina lako mbele badala ya katikati. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Nilijua anachokipoteza, maana mie nafasi kama hiyo sijawahi kuiota, na ilinichoma kuona anaiangalia kwa mashaka.

Daktari Kokushubila alimwita, na mie nikaingia bila kuitwa. Hakumwambia aende wala abaki.

"Mimi nilikwenda na swali la mtu," akasema. "Nilikuwa na langu, la kina mama wa kwetu. Nikasema nikirudi nitalishika. Niliporudi nikapewa mradi, kisha mwingine, kisha idara." Akapanga kalamu zake mezani. "Maisha yangu ni mazuri, sikudanganyi. Nakueleza tu ilivyokuwa. Ukibaki, nina kafungu kadogo ka kukufikisha mitaa michache kwa muda. Kakiisha sina kingine, na nafasi ile itakuwa imekwenda."

Muntazir akashukuru akatoka. Wiki ile hakumuuliza mtu yeyote jambo lolote. Nilimwona anaandika barua pepe, anaituma, anafunga kompyuta, anakwenda nyumbani mapema. Hilo lilinitia hofu kuliko zile istikhara zote. Nilimuuliza amejibu nini, akasema nitasikia kwa shangazi, kwa sababu yeye ndiye anayestahili kusikia kwanza.

Jumapili nikapeleka mchele ambao Bi Narjis hakuwa ameuagiza. Muntazir alikuwepo. Biriani ilikuwepo. Koti lilikuwepo, limepigwa pasi. Tulipoketi tu, kabla hajashika chakula, akasema:

"Shangazi, Ubelgiji nimekataa."

Mie nilitazama meza. Bi Narjis aligeuka akalitazama koti pale chini ya feni. Nilijua anawaona wale kina mama wa majilisi mmoja mmoja.

"Na hili koti," akasema mwishowe, "Dar hii, nimpe nani?"

Muntazir akamweleza moja baada ya jingine: swali walitaka aliache, yeye hataki kuliacha, pesa ya kuanzia ni ndogo na huenda isitoshe, anajua kwamba akishindwa hatapata nafasi nyingine kama ile. Sauti ilitetemeka kidogo mahali pa kushindwa, ila aliyasema yote mpaka mwisho. Sijawahi kumsikia akisema jambo refu hivyo bila samahani ndani yake. Hasira yangu ya wiki nzima ikanitoka pale mezani, na nikamwonea fahari.

Bi Narjis akakunja kitambaa cha mkononi, akakikunjua.

"Istikhara alikufanyia nani?" akauliza. "Maulana?"

"Sikuomba."

"Jambo kubwa namna hii, hukuomba?"

"Sikuwa na shaka, shangazi."

Bi Narjis alimtazama. Kisha akavuta sahani ya mpwa wake, akampakulia mwenyewe, nyama ile ya juu anayomwekea mgeni, akamwambia ale kabla haijapoa.